Msaada wa kahawa upo, lakini mlango wake ni daftari la chama

Katika wadi ya Migosi si rahisi kuona mti wa kahawa. Jiji la Kisumu liko chini, karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kahawa ya arabika hupenda mahali pa juu na penye baridi kidogo. Hata hivyo, nyumba nyingi za Migosi zina uhusiano na zao hili. Kuna mama anayelea wajukuu hapa huku shamba lake likiwa Koru. Kuna kijana wa bodaboda ambaye baba yake aliacha miti ya kahawa Kisii. Kuna mwalimu aliyenunua ekari moja upande wa Nandi au Kipkelion na anafikiria apande nini.

Kwa familia kama hizi, swali moja hurudi kila msimu: msaada wa serikali kwa wakulima wa kahawa unaotajwa redioni unapatikana wapi, na mbona kwetu haujafika?

Kwa ufupi, msaada upo wa aina kadhaa: malipo ya awali, mbolea ya ruzuku, ushauri na miche, na mfumo mpya wa kulipa pesa za mnada. Lakini karibu wote hupitia mlango mmoja, yaani jina la mkulima kwenye rekodi. Asiyeandikishwa, au ambaye jina lililoandikwa ni la marehemu, huupisha msaada ukaenda kwa mwingine. Makala haya yanaeleza kila msaada unavyofanya kazi na hatua ambazo familia inaweza kuchukua.

Kahawa katika kaunti yetu

Kahawa iliingia Kenya mwaka 1893, ilipopandwa na wamisionari kule Bura, Taita. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuilima. Ruhusa ya kwanza ilitolewa kidogo kidogo katika miaka ya 1930, na Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo pamoja na Meru. Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo wakulima wadogo walipoanza kupanda kwa wingi na kujiunga katika vyama vya ushirika.

Katika Kaunti ya Kisumu, eneo la Koru, wadi ya Muhoroni/Koru, ndilo linalojulikana zaidi kwa kahawa. Huko ardhi imeinuka, na kuna kituo kidogo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyo chini ya KALRO. Makao makuu ya taasisi hiyo yako Ruiru, lakini mkulima wa huku hahitaji kusafiri hadi Kiambu ili kuuliza kuhusu mbegu au ugonjwa.

Zao hili liliwahi kuwa tegemeo la taifa. Msimu wa 1987/88 Kenya ilizalisha takriban tani 130,000. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ulivunjika na bei ikaporomoka. Madeni ya vyama, usimamizi mbaya na malipo ya kuchelewa yaliwafanya wakulima wengi wang'oe miti au waiache iote kichaka. Miaka ya karibuni uzalishaji umekuwa karibu tani 50,000, chini ya nusu ya ule wa zamani. Hatua za serikali zinazoelezwa hapa zinalenga kuziba pengo hilo.

Kwa nini mkulima huuza kwa hasara

Ili kuelewa msaada, ni vizuri kwanza kufuata safari ya kilo moja ya kahawa.

Mkulima huchuma matunda mekundu na kuyapeleka kwenye kiwanda cha chama siku hiyo hiyo. Pale hupimwa na mkulima kupewa risiti. Matunda humenywa, huchachishwa, huoshwa na kuanikwa hadi yakauke. Kisha hupelekwa kwenye kinu cha kukoboa, hupangwa kwa madaraja kama AA, AB na PB, halafu sampuli huonjwa na kahawa huuzwa kwenye mnada wa Nairobi Coffee Exchange. Ikishanunuliwa, zaidi ya asilimia 90 huenda nje ya nchi.

Safari hiyo huchukua miezi, na katika miezi hiyo karo ya shule haisubiri, wala hospitali, wala vibarua waliochuma. Hapo ndipo mnunuzi wa langoni huja na mizani na pesa taslimu. Bei yake ni ya chini, lakini analipa leo. Mkulima huuza, na kilo zile hazionekani tena kwenye daftari la chama. Mwisho wa msimu chama kinapogawa pesa, yeye hana chake.

Jambo lingine linalochanganya watu ni uzani. Inahitajika takriban kilo 6 hadi 7 za matunda mabichi ili kupata kilo 1 ya kahawa safi iliyokobolewa. Ndiyo maana bei inayotangazwa ya gunia mnadani haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na bei ya kilo ya matunda shambani. Anayeuza kilo 600 za matunda ana kahawa safi ya kama kilo 85 hadi 100 tu.

Malipo ya awali: mkopo wa kusubiria mnada

Kwa ajili ya pengo hilo la miezi, serikali ya kitaifa ilianzisha Hazina ya Malipo ya Awali ya Kahawa, inayojulikana na wengi kama Cherry Fund. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2020, ikaanza na Sh3 bilioni, na husimamiwa na New KPCU, shirika lililochukua nafasi ya chama cha zamani cha KPCU kilichowekwa chini ya mrasimu mwaka 2009.

Mkulima aliyeandikishwa hupeleka matunda kiwandani kama kawaida. Kilo zake zikishaingia kwenye rekodi, anaweza kuomba alipwe sehemu ya thamani yake mapema. Kahawa ikiuzwa mnadani, hazina hukata ilichotoa na mkulima hupokea kinachobaki. Pesa zilizorudi hukopeshwa mkulima mwingine.

Mwanzoni malipo hayo yalikuwa Sh20 kwa kilo ya matunda, na wakulima wengi waliona hayatoshi kuwazuia kuuza langoni. Baadaye serikali ilitangaza kuyapandisha hadi Sh80. Riba iliyowekwa hazina ilipoanzishwa ilikuwa asilimia 3. Kabla ya kuomba, muulize karani wa chama au ofisi ya New KPCU kiwango na masharti ya msimu uliopo.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama mmoja ana kilo 600. Mnunuzi wa langoni anampa Sh50 kwa kilo, kwa hivyo anaondoka na Sh30,000 na hesabu imefungwa. Akipeleka kwa chama na kuchukua malipo ya awali ya Sh80, anapata Sh48,000 za kushughulikia karo. Chama kikilipa Sh110 kwa kilo baada ya makato, jumla yake ni Sh66,000. Hukatwa zile Sh48,000 na riba ya Sh1,440, na kubaki Sh16,560. Kwa jumla amepata Sh64,560, zaidi ya mara mbili ya pesa za langoni.

Mfano huo una upande wa pili. Bei ikiwa mbaya na chama kikalipa Sh90 kwa kilo, mama huyo atapata salio la Sh4,560 pekee. Ikishuka chini ya Sh80, atakuwa na deni. Malipo ya awali ni mkopo, si zawadi. Mwenye busara huchukua kiasi anachohitaji kwa karo au kibarua, hata kama anaruhusiwa zaidi.

Pesa za mnada zinavyolipwa sasa

Malalamiko ya zamani ya wakulima yalikuwa kwamba mtu mmoja aliweza kukoboa kahawa, kuiuza na hata kuinunua. Katika hali hiyo mkulima hakujua kama bei aliyoambiwa ilikuwa ya kweli.

Kanuni mpya zilitenganisha kazi hizo. Dalali anayewakilisha wakulima mnadani sasa hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na mwenye kinu hawi tena muuzaji wa kahawa ya watu. Vyama kadhaa vya wakulima vimeunda kampuni zao za udalali ili kuingia mnadani wenyewe.

Badiliko jingine, lililoanza mwaka 2023, ni mfumo wa malipo ya moja kwa moja unaoendeshwa kupitia Co-operative Bank. Mnunuzi akilipia kahawa, pesa huingia kwenye mfumo huo kisha hugawanywa: upande wa mkulima, kinu, dalali na wengine, kila mmoja akipata chake. Hapo awali pesa zilipita kwanza kwa wakala wa mauzo, naye akawalipa wengine kwa wakati wake.

Mkulima anafaidika mfumo huu ukiwa na taarifa zake sahihi. Akaunti ya benki au nambari ya simu iliyoandikwa vibaya huchelewesha malipo. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtoto aliyehamia Mombasa huleta ugomvi nyumbani.

Mfumo huu una mipaka yake. Hauwezi kurekebisha chama chenye madeni mengi au gharama kubwa. Makato ya chama hujadiliwa na kupitishwa na wanachama kwenye mkutano mkuu. Asiyehudhuria mkutano huo huwaachia wengine waamue ni kiasi gani kitatoka kwenye kilo zake.

Mbolea, miche na ushauri

Mbolea ya ruzuku ya serikali ilianza kuuzwa Sh3,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2022, kisha ikashushwa hadi Sh2,500 mwaka 2023. Wakulima wa kahawa hawajaachwa nje. Kinachohitajika ni kuandikishwa kwenye sajili ya wakulima kupitia ofisi ya chifu na maafisa wa kilimo, ambako hurekodiwa jina, kitambulisho, simu, ukubwa wa shamba na mazao. Mkulima hupokea ujumbe kwa simu, kisha huchukua mbolea kwenye bohari za NCPB au vituo vingine vilivyotengwa. Ukiandikishwa kama mkulima wa mahindi pekee wakati una kahawa, sema hivyo na urekebishiwe.

Kwa anayeanza upya, aina ya mche ni uamuzi wa miaka mingi. SL28 na SL34, zilizochaguliwa na maabara ya Scott katika miaka ya 1930, zina ladha inayosifiwa duniani, ila hushambuliwa na chulebuni, ugonjwa unaooza matunda yakiwa mabichi, pamoja na kutu ya majani. Chulebuni ilionekana kwa mara ya kwanza humu nchini mwaka 1922. Watafiti wa Ruiru walitoa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, zote zikiwa na uwezo wa kuhimili magonjwa hayo mawili. Mkulima hupunguza gharama ya dawa, na hiyo ni gharama inayowashinda wengi wenye shamba dogo.

Mwenye miti ya zamani halazimiki kuing'oa. Shina linaweza kukatwa na kubebeshwa kikonyo cha aina mpya, likazaa tena mapema kuliko mche uliopandwa upya. Kazi hiyo inataka mtu aliyefunzwa. Miche nayo inunuliwe kwenye vitalu vilivyosajiliwa tu. Mche wa barabarani usio na cheti unaweza kukuonyesha sura yake halisi baada ya miaka 3, ukiwa umeshatumia ardhi na jasho.

Nani anafanya nini

Wakaazi wengi hawajui wamwendee nani, kitaifa au kaunti. Katiba ya 2010 iliigawa kazi hiyo. Serikali ya kitaifa hushughulikia sera, mnada, hazina ya malipo ya awali na utafiti. Mamlaka ya Kilimo na Chakula, kupitia kurugenzi ya kahawa, husimamia kanuni za zao lenyewe. Serikali ya kaunti hushughulikia maafisa wa kilimo wa nyanjani, vyama vya ushirika na leseni za viwanda vya kumenya kahawa.

Kwa hivyo, ukiwa na swali kuhusu ugonjwa wa miti, kupogoa, au uanachama na uchaguzi wa chama, mlango wako ni ofisi ya kilimo na ya ushirika katika kaunti ndogo ambako shamba liko. Anayeishi Migosi mwenye shamba Koru huenda Muhoroni. Mwenye shamba Kisii au Nandi huhudumiwa na kaunti hiyo.

Vipimo vya shamba na soko la Ulaya

Baadhi ya wakulima wameingiwa na hofu walipoona maafisa wakizunguka mashambani na simu, wakichukua alama za mipaka. Wengine walidhani ni mpango wa kodi au wa kuchukua ardhi.

Sababu yake ni soko. Umoja wa Ulaya, ambao ni mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Kenya, ulipitisha sheria mwaka 2023 inayokataza kuingizwa kwa kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mnunuzi wa huko atatakiwa aonyeshe kahawa ilitoka shamba gani. Bila alama hizo, kahawa ya mkulima mdogo inaweza kukataliwa hata kama hajawahi kukata mti wa msitu. Kabla ya kuruhusu upimaji, mwombe afisa kitambulisho cha kazi na umuulize ametumwa na ofisi gani. Hiyo ni haki yako.

Jina la marehemu kwenye daftari

Jambo linalozinyima familia nyingi za mjini msaada huu ni rekodi zisizohuishwa. Baba alijiunga na chama miaka ya sabini, akafariki, na nambari yake bado ndiyo inayotumika kiwandani. Miti inatunzwa na mjane au na ndugu aliyebaki nyumbani. Kilo zinaingia, lakini malipo ya awali hayawezi kutolewa kwa marehemu, na pesa za mnada zinaweza kukwama.

Hali kama hiyo humkuta pia mke ambaye hupalilia, huchuma na kubeba matunda, huku uanachama ukiwa wa mume peke yake. Kilo zote husomeka kwa jina la mume, na mke hana sauti kwenye mkutano wa chama.

Njia ya kurekebisha inajulikana. Mwanachama aliye hai anaweza kuandika jina la mrithi wake katika chama, na ni busara kufanya hivyo mapema. Mwanachama akiwa ameshafariki, familia huanza kwa barua ya chifu na cheti cha kifo, hueleza chama ili nambari ihamishwe, na hupitia mahakama kwa ajili ya mirathi ya ardhi. Uanachama wa chama na hati ya shamba ni mambo mawili tofauti. Kuhamisha moja hakuhamishi jingine. Mke anayefanya kazi shambani anaweza kuomba uanachama wake mwenyewe kulingana na katiba ya chama, familia ikikubaliana ni miti mingapi iandikwe kwa nambari yake.

Mazungumzo haya si mepesi. Ndugu wanaweza kushuku kwamba anayefuatilia karatasi anataka kula peke yake. Ndiyo maana ni vyema yafanyike familia nzima ikiwa imekusanyika, na makubaliano yaandikwe.

Hatua za kuchukua kabla ya msimu ujao

1. Thibitisha jina na nambari ya uanachama kwenye chama. Kama ni ya marehemu, anza kuihamisha sasa.

2. Hakikisha akaunti ya benki na simu zilizoandikwa ni za mwanachama mwenyewe.

3. Jiandikishe kwenye sajili ya wakulima kwa chifu wa eneo ambako shamba liko, na utaje kahawa.

4. Weka kila risiti ya kilo. Mwisho wa mwezi zijumlishe na uzilinganishe na daftari la chama. Tofauti ikionekana, uliza mapema kabla kahawa haijakobolewa.

5. Uliza kiwango na riba ya malipo ya awali kabla ya kutia sahihi.

6. Hudhuria mkutano mkuu wa chama, au mtume mwanafamilia aliye mwanachama akasikilize hesabu.

7. Chuma matunda mekundu pekee na uyafikishe kiwandani siku hiyo hiyo. Matunda mabichi yaliyochanganywa hushusha daraja, na kanuni yoyote nzuri ya mnada haiwezi kupandisha bei ya kahawa mbovu.

Kwa mkaazi wa Migosi ambaye hajafika shambani tangu Krismasi, hatua ya kwanza haihitaji nauli. Mpigie simu aliye nyumbani na umuulize swali moja: kahawa yetu imeandikwa kwa jina la nani?